Michubuko ya Mapaja: Maradhi Madogo Yafichwayo kwa Haya



Kina mama wa darsa yetu ya alasiri wana ada ya kuandika maswali kwenye vijikaratasi, kisha vijikaratasi hivyo hukusanywa na kuletwa mbele bila ya majina. Ada hii ni njema, kwani humpa mwenye haya nafasi ya kujua asilolijua. Lakini juma lililopita ahali yetu alirudi nyumbani na swali ambalo mwenyewe hakuthubutu kuliandika hata kwenye karatasi isiyo na jina. Alinong'onezwa mlangoni, wakati wa kuvaa viatu, akatuletea kwa idhini ya muulizaji ili tulitafutie jibu kwa faida ya wengi.

Muulizaji ni mama wa miaka 54. Miezi michache iliyopita alipimwa akakutwa na maradhi ya kisukari. Daktari alimwandikia vidonge, akamtaka apunguze wali na mahamri, na akamsisitizia atembee kwa miguu nusu saa kila siku. Mama huyu ni mtu wa kushika neno. Asubuhi ya pili alivaa dera lake na buibui juu, akafuatana na majirani wawili baada ya sala ya Alfajiri, wakatembea hadi ufuoni Mama Ngina na kurudi. Siku ya kwanza na ya pili alirudi na furaha. Siku ya tatu alihisi moto baina ya mapaja. Siku ya tano alirudi akitembea kwa kutanua miguu, na maji ya kuoga yalipomgusa alitokwa na machozi. Siku ya sita aliwaambia wenziwe kwamba amepata mgeni, hawezi kutoka. Mgeni huyo amekaa miezi miwili.

Aliporudi kupimwa, sukari ilikuwa imepanda. Daktari, kijana wa umri wa mwanawe, alimwuliza kwa nini hatembei, akanyamaza. Akaambiwa kwamba ni uvivu. Akanyamaza vile vile. Mama huyu aliridhia kuitwa mvivu kuliko kutamka kwamba mapaja yake yamechubuka.

Tulipoyasikia hayo tuliona kwamba kalamu yetu ina deni. Haya ni pambo la Muislamu, mwanamume na mwanamke, nasi hatuandiki ili kuipunguza. Lakini wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Naye Bibi Aisha, Allah amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza na kuifahamu dini yao. Ikiwa haya haikupewa ruhusa ya kuufunga mlango wa elimu ya hedhi na josho, vipi tutaiacha iufunge mlango wa dawa?

Nasi tuliyaonja

Asidhani msomaji kwamba twasimulia ya wenzetu tu. Mara ya kwanza tulipokwenda Hijja tulikuwa kijana mwembamba, mwenye nguvu, na hatukuwa na khofu ya mwendo. Mwanamume aliyehirimia huvaa shuka mbili tu, wala hana nguo iliyoshonwa ya kuyatenga mapaja yake. Tulitufu mizunguko saba, kisha tukasai baina ya Safa na Marwa mara saba, mwendo ambao peke yake wafikia yapata kilomita 3, na joto la Makka laeleweka. Kulipokucha tulikuwa twatembea kama mwana aliyetoka jandoni. Tulinyamaza, tukajikongoja.

Katika msafara wetu alikuwako mzee wa Lamu ambaye hiyo haikuwa Hijja yake ya kwanza. Hakutuuliza neno, aliutazama mwendo wetu, akafungua mkoba wake, akatupa kikopo cha mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Alituambia kwamba nusu ya mahujaji twaowaona wanatembea wakiwa na maumivu haya haya, ila kila mmoja adhani yamempata peke yake. Kisha akatufunza kwamba mafuta hupakwa kabla ya kutoka, si baada ya kuumia. Somo hilo la dakika mbili ndilo tulitakalo lifike leo kwa mama yetu na kwa wengine walio na wageni wasioondoka.

Ngozi huchubukaje

Jambo lenyewe si la ajabu. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida wa mazoezi hupiga kiasi cha hatua 100 kwa dakika. Nusu saa ni hatua 3,000 hivi. Ikiwa mapaja yake yagusana, basi kila hatua ni msuguano mmoja juu ya ngozi laini ile ile. Tabaka la juu la ngozi huanza kuwa jekundu au kuiva rangi, kisha huwaka, kisha hukwanguka na kutoa majimaji.

Jasho huzidisha mambo kwa njia mbili. Kwanza, ngozi yenye unyevu husuguana kwa nguvu zaidi kuliko ngozi kavu. Pili, jasho linapokauka huacha chumvi, na chembe zake hukwaruza kama mchanga mwembamba. Sisi watu wa pwani twajua kwamba katika miezi ya kaskazi hewa yenyewe huwa nzito kwa unyevu, jasho halina pa kukaukia. Ndiyo maana michubuko na harara huzidi wakati huo.

Wala si mapaja pekee. Kwapa huchubuka, na chini ya matiti, na mikunjo ya tumbo, na kinena, na pale mkanda wa sidiria unapokaza. Wanaume wanaokimbia mbio ndefu huchubuka chuchu hata fulana ikaingia damu, na wakimbiaji wenye miili mikavu kama ukuti hujipaka mafuta ya mgando kabla ya kuanza. Basi mama mnene asijione kwamba amepewa adhabu ya mwili wake. Ni kweli kwamba mwili mkubwa husuguana zaidi. Lakini maradhi haya ni ya kila mwenye ngozi, mwendo na jasho.

Kuna neno tunalotaka kulisema wazi, kwani tumelisikia vibarazani: kwamba buibui ndilo linalochubua. Sivyo. Sitara ya juu haina kosa. Tatizo ni kilicho chini yake, au tuseme kisichokuwako. Dera ni pana, na shumizi ni pana. Zote mbili huufunika mwili lakini haziyatengi mapaja. Mwenye kuvaa dera na buibui pasi na suruali ya ndani hutembea ngozi kwa ngozi, hatua zote 3,000.

Kinga

Kinga ya kwanza, basi, ni kitambaa baina ya paja na paja. Mama na avae suruali ya ndani ifikayo karibu na goti, laini, isiyobana hata ikaacha alama, wala isiyolegea hata ikajikunja na kupanda juu. Ikiwa inashonwa, fundi aambiwe asiweke mshono mnene upande wa ndani wa paja, kwani mshono ni msumeno mdogo. Kwa mwendo mfupi pamba yatosha. Leso kuukuu iliyokwisha kulainika hutoa suruali nzuri sana, lakini leso mpya ifuliwe kwanza wanga wake utoke. Kwa anayetembea mwendo mrefu na kutokwa jasho jingi, pamba hulowa na kukaa imelowa. Huyo atafute suruali ya kitambaa cha michezo kinachopitisha jasho. Haya yote hukaa chini ya buibui, wala hapana ayaonaye.

Kinga ya pili ni mafuta. Tabaka jembamba la mafuta ya mgando lipakwe mahali panaposuguana kabla ya kutoka nyumbani. Yasiwe na manukato, kwani manukato huwasha ngozi iliyopata joto. Mafuta ya nazi yafaa kwa mwendo mfupi, ila hunyonywa na kutiririka upesi. Poda husaidia kwa aliyekaa, lakini kwa anayetembea hulowa jasho ikafanya madonge yanayokwaruza. Na isichanganywe kamwe na mafuta.

Kinga ya tatu ni wakati. Baada ya Alfajiri, au Alasiri jua likishalegea, ndio wakati wa kutembea. Na mtu anywe maji ya kutosha.

Kinga ya nne ni kuanza kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, wala halishurutishi kwamba ziwe za mfululizo. Dakika 10 asubuhi, 10 alasiri na 10 baada ya Isha ni nusu saa kamili, na ngozi imepumzika mara mbili katikati. Mwenye kuanza leo asishindane na jirani aliyeanza mwaka jana.

Kinga ya tano ni ya baada ya mwendo. Wengi wetu hurudi tumelowa jasho, tukaingia jikoni kupika chai, tukakaa na nguo zile zile hata saa nne. Huko ndiko kuikaribisha fangasi. Oga mara ufikapo, jikaushe vizuri katika mikunjo yote, na uvae nguo kavu. Na mwenye kunyoa kinena, kwani ni katika usafi tulioamrishwa, asifanye siku ya kunyoa kuwa siku ya mwendo mrefu. Ngozi iliyopitiwa na wembe huchubuka upesi.

Tiba

Akisha kuchubuka mtu, afanyeje? Aoshe mahali hapo kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, polepole, pasi na dodoki. Akaushe kwa kitambaa safi kwa kukibandika na kukibandua, asisugue. Ikiwa pawaka moto, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kikae hapo dakika chache. Kisha apake mafuta ya mgando, au marhamu ya zinki ambayo kina mama huwapaka watoto wachanga wanaochubuliwa na nepi, na ambayo hupatikana katika duka lolote la dawa. Avae nguo pana ya pamba akiwa nyumbani. Na apumzike na mwendo siku moja au mbili, au zaidi ikiwa pametoa majimaji, hadi ngozi ifunge.

Kupumzika na mwendo si kuacha mazoezi. Mama mwenye kisukari asikae bure siku hizo. Ananyoosha mikono akiwa kitini, anasimama na kukaa mara 10 mara 10 akishika ukingo wa meza, maadamu kidonda hakisuguliwi. Lililo muhimu ni kwamba mgeni apewe siku ya kuondoka.

Yasiyofaa ni mengi, nasi twayajua kwa kuwa yametendwa mbele yetu. Limau na chumvi si dawa ya ngozi iliyochubuka. Huunguza nyama iliyo wazi. Spiriti vivyo hivyo. Dawa kali ya kuulia vijidudu, ile ya kusafishia sakafu na choo, isikaribie mwili. Na tahadhari kubwa ni juu ya krimu ya jirani. Zipo krimu za mchanganyiko zenye dawa kali ya steroidi ambazo hutuliza muwasho kwa siku mbili, watu wakazisifu na kupeana. Lakini katika ngozi laini ya kinena hufanya ngozi kuwa nyembamba, na ikiwa tatizo ni fangasi huificha huku ikienea. Krimu aliyoandikiwa mwenzio ni yake.

Wakati wa kumwona daktari

Mchubuko wa kawaida huanza kupoa kwa siku chache. Ukiona haupoi, au wekundu waenea, au usaha na harufu mbaya, au uvimbe wenye moto, au homa, usingoje. Ukiona katika mikunjo pamekuwa pekundu, panawasha, na pembeni pamezungukwa na vipele vidogo vidogo, huenda ikawa ni fangasi, nayo ina dawa yake mahususi, mafuta hayataiondoa.

Mwenye kisukari ana hukumu yake peke yake. Vidonda vyake huchelewa kupona na huingiliwa na vijidudu upesi, na pengine mishipa ya fahamu imedhoofika hata asihisi maumivu kwa kiasi chake. Huyu na ajikague kila siku, mapaja na mikunjo, na nyayo pia, na jeraha lolote aliseme mapema. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: fangasi ya mikunjo inayorudi na kurudi kila baada ya dawa yaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari kwa mtu ambaye hajapimwa. Pengine mama anaficha mchubuko, kumbe mchubuko ulikuja kumpa habari.

Na kama daktari ni mwanamume na ulimi umekuwa mzito, ni haki yako kuomba uonwe na muuguzi au daktari wa kike. Ikiwa hayupo, dharura ina hukumu yake, na kumwonyesha tabibu kiasi cha haja kwa ajili ya tiba si kuvunja sitara.

Maswali ya ibada

Ahali yetu aliletewa pia maswali mengine, nasi twayajibu kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi. Je, majimaji au damu ya mchubuko hutengua udhu? Hapana, kilichotoka pasipokuwa tupu mbili hakitengui, na damu ya mtu mwenyewe ikiwa chache husamehewa katika sala. Je, kupaka dawa hutengua? Kupaka pajani hakutengui, lakini kugusa utupu kwa tumbo la kiganja hutengua. Basi mtu apake dawa kwanza, kisha atawadhe. Je, mafuta huzuia maji? Mapaja hayamo katika viungo vya udhu, lakini wakati wa josho la wajibu mafuta mazito yaliyoganda yakawa utando yaondolewe kwa sabuni ili maji yaifikie ngozi. Na ambaye maji yanamdhuru kidonda asijitese wala asiache sala. Sharia imemwekea njia, na amwendee mwalimu aliye karibu naye amweleze hali yake.

Kwa wanaojiandaa kwa Umra au Hijja: mwanamke hakukatazwa nguo iliyoshonwa, basi na avae suruali yake ya ndani chini ya nguo zake. Mafuta yenye manukato ni haramu kwa aliyehirimia, mume na mke. Yasiyo na manukato yaruhusiwa mwilini, isipokuwa nywele za kichwa na ndevu. Mwanamume aliyezidiwa hata akahitaji nguo iliyoshonwa ataivaa kwa udhuru, na juu yake ni fidia, naye ana khiyari: kufunga siku tatu, au kuwalisha masikini sita, au kuchinja mbuzi au kondoo. Lakini kikopo cha mafuta kilichotiwa mkobani kabla ya safari chaweza kumwepusha na yote hayo.

Neno kwa walio nyumbani

Enyi waume na watoto, mama akiacha kutembea msiharakie kumwita mvivu. Mwulizeni kwa upole, au mtumeni binti amwulize. Gharama ya suruali mbili za pamba na kikopo cha mafuta haifikii gharama ya siku moja ya kulazwa hospitalini. Nanyi wenye kuongoza darsa, litajeni jambo hili kwa jina lake, ili mwenye nalo ajue kwamba hayuko peke yake.

Ama mama yetu, ahali yetu amemshonea suruali mbili kutokana na leso kuukuu, na wamekubaliana kwenda pamoja kwa muuguzi wa kike Jumatatu, kidonda kitazamwe kwanza. Kikifunga, ataanza upya kwa dakika 10, hadi mwisho wa mtaa na kurudi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye yeye na kila mgonjwa wetu, aliyesema na aliyenyamaza, na atupe afya ya kumwabudia. Wabillahi tawfiq.